Namba Niliyomwandikia Mwalimu

Namba yenyewe ni 2,750,159. Niliiandika mara ya kwanza mwaka 1999, kwa kalamu ya bluu, juu ya kadi ndogo nyeupe, huku nikimjibu mtu mwingine aliyekuwa akiniuliza choo kiko wapi.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilizaliwa Kigoma, nikaja London kusoma, na masomo yakanishinda mwaka wa pili. Viza yangu ya uanafunzi ilikuwa imekwisha. Maombi yangu ya kubaki yalikuwa yamelala mahali fulani ndani ya lile jengo kubwa la ofisi ya uhamiaji pale Croydon, na kila nilipopita karibu nalo kwenye basi niliinamisha kichwa, kana kwamba kuna mtu dirishani angenitambua. Siku za kazi nilitunza wazee majumbani mwao. Jumamosi nilikaa kwenye ukumbi wa kanisa, nyuma ya meza ya kukunja, nikiwajazia fomu za Kiingereza watu wa Kongo waliojua Kiswahili na Kifaransa tu. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa naona fahari kuwa mtu anayesubiriwa kwenye foleni.

Mwalimu alikuja Jumamosi ya mvua. Alikuwa mtu mrefu, wa miaka hamsini hivi, amevaa koti ambalo mikono yake iliishia mbali na viganja. Karatasi zake zote alikuwa amezifunga kwenye mfuko wa plastiki, akazitandaza mezani moja moja.

"Mama, mimi niko mwalimu wa hesabu," aliniambia. "Uvira. Miaka makumi mbili na tatu nafundisha. Hizi karatasi usizipoteze, hizi njo maisha yangu."

Nilipomwambia kwetu ni Kigoma, alinyanyuka kabisa na kunishika mikono yote miwili. Mke wake na binti yao mmoja walikuwa wamevuka ziwa wakati wa vita, na sasa walikuwa kambini, upande wetu. Yeye alitengana nao njiani, akapita nchi tatu hadi akafika huku. Alichotaka ni kukubaliwa, kisha awalete. Nilijaza tarehe ya kuzaliwa ya yule binti kwa mkono wangu mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Naitaja tarehe hiyo kwa sababu baadaye sikuweza kusema sikuijua.

Wiki ile alikuwa anahamishwa kutoka hosteli ya Croydon kwenda chumba kimoja Kenton, upande mwingine wa London, juu ya duka la mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu. Karatasi zake za asili zilitakiwa kwenda kwa wakili. Nikaona ni busara abaki na namba yake ya kesi mfukoni. Ilikuwa na herufi moja mbele, kisha tarakimu saba. Nikainakili kwenye kadi.

"Mwalimu," nilimwambia, "hapa jina lako watu wataliandika kwa namna tano tofauti. Hii namba ndiyo wewe. Ishike kichwani."

Akaisoma mara moja, akafumba macho, akaitamka yote. "Nimeishika."

Jumamosi iliyofuata karatasi zilikuwa zimeshakwenda kwa wakili. Nilimwandikia barua ya kuiarifu ofisi ya Croydon kwamba amehama, na namba nikaitoa kwenye ile kadi. Nikatoa nakala, yeye akaenda posta kuituma.

Kuanzia hapo alianza kuichunguza. Hakuruhusiwa kufanya kazi, hakuwa na televisheni, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuuliza njia tu. Alinunua daftari la mistari ya mraba na penseli mbili. Nilipomtembelea mara ya kwanza kule Kenton, yule mama mwenye nyumba alinipokea chini, katikati ya magunia ya mchele na masanduku ya maembe.

"Hii mwalimu yako iko mutu safi sana," alisema. "Lakini yeye napiga hesabu asubuhi mpaka jioni. Hesabu ya nini? Mimi nauliza, yeye nacheka tu."

Juu, mwalimu alinionyesha. Alitaka kujua kama namba yake inagawanyika. Kuna namba, alinieleza, ambazo hakuna namba nyingine inayoweza kuzigawa bila kubakiza kitu, isipokuwa moja na zenyewe. Saba ni hivyo, kumi na tatu ni hivyo. Zikiwa ndogo unaziona kwa macho. Ikiwa ni milioni mbili, laki saba, elfu hamsini, mia moja hamsini na tisa, lazima uitafute kwa mkono.

"Mbili haiwezi, kwa sababu inaishia na tisa. Tatu haiwezi: jumlisha tarakimu zote, unapata makumi mbili na tisa, na hiyo tatu haiigawi. Tano haiwezi. Saba nimejaribu, inabaki sita. Kumi na moja, inabaki tano. Kumi na tatu, inabaki tisa."

"Utaendelea mpaka wapi, mwalimu? Mpaka milioni?"

Swali langu lilimfurahisha. Aliniambia hapana, kuna mahali pa kusimama. Ukizidisha 1,658 kwa 1,658 hujaifikia namba yetu. Ukizidisha 1,659 kwa 1,659 umeshaipita. Kwa hiyo kama ina kigawo chochote, kimoja kati ya viwili vinavyozidishana lazima kiwe chini ya hapo. Tena hakuna haja ya kujaribu kila namba, zile tu zisizogawanyika zenyewe. Alikuwa ameziorodhesha. Zilikuwa mia mbili na sitini.

"Kumi kwa siku," alisema. "Siku makumi mbili na sita."

Nikamwambia ninaweza kumletea kikokotoo.

"Mashine itanipa jibu. Lakini hizi siku nitazipeleka wapi?"

Basi akaendelea. Kila mgawanyo aliufanya mara mbili, mara ya pili kwenye ukurasa wa nyuma, bila kuangalia wa kwanza. Nilipokuwa nikimpita Jumamosi kwenye ukumbi alininong'oneza tu alipofika, "Niko mia nne na moja," au "Leo nimeingia elfu," kama mtu anayetaja vituo vya safari. Watu waliokuwa kwenye foleni walidhani anazungumzia dawa.

Siku aliyomaliza alikuja bila daftari.

"Haigawanyiki," alisema.

"Hata moja?"

"Hata moja. Mia mbili na sitini, zote zimeshindwa."

Nilimwambia kwamba shuleni kwetu namba ya namna hiyo tuliiita namba tasa. Akakunja uso. "Tasa? Kama mwanamke asiyezaa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi nyinyi mmeipa jina baya. Si kwamba haizai. Haikuzaliwa. Hakuna namba mbili zilizokutana zikaizaa. Iko peke yake toka mwanzo." Akaitoa ile kadi mfukoni, akaitazama kwa upendo ambao ulinichekesha wakati ule. "Sasa ninajua hawawezi kunikata vipande."

Hiyo ilikuwa majira ya kuchipua, mwaka 2000. Alisubiri barua ya kuitwa kwenye mahojiano. Kila asubuhi alishuka dukani kumuuliza mama mwenye nyumba kama posta imepita. Barua haikuja mpaka vuli, na ilipokuja zilikuwa mbili kwa pamoja, zimefungwa kwa mpira, zimeletwa na mtu wa ile hosteli ya Croydon aliyezikuta kwenye droo ya watu waliohama. Ya kwanza ilimwita kwenye mahojiano, na siku yake ilikuwa imepita zamani. Ya pili ilisema kwamba kwa kuwa hakutokea wala hakutoa sababu, maombi yake yamekataliwa.

Aliniletea ukumbini. Nilianza kumtafsiria, kisha nikanyamaza, kwa sababu macho yangu yalikuwa yametua juu, kwenye namba ya kesi. 2,751,059.

Niliisoma tena. Moja, kisha sifuri. Kwenye faili langu ilikuwepo nakala ya barua yetu ya kuhama, na pale ilikuwa sifuri, kisha moja. Nililala na ile nakala chini ya mto siku mbili nikijidanganya kwamba sijui kilichotokea, lakini nilijua palepale, mwalimu akiwa bado amesimama mbele yangu na koti lake fupi. Barua yetu iliyosema amehama ilikuwa imekwenda na namba ambayo si yake. Ofisi haikukosea kitu. Ilimwandikia pale ilipojua anaishi.

"Inasema nini?" aliuliza.

"Inasema hukwenda kwenye mahojiano."

"Lakini sikuitwa."

"Labda barua yetu ilipotea, mwalimu."

Hayo ndiyo niliyosema. Kisha nikafanya jambo la pili, ambalo sikuwa nimelipanga. Nilimwambia kadi yake imechakaa, anipe nimwandikie nyingine. Akanipa. Nikaandika namba ya kweli kwenye kadi mpya, na ile ya zamani nikaichana vipande vinne chini ya meza.

Nilisahau ninashughulika na nani. Aliitazama kadi mpya kwa muda wa kupepesa jicho.

"Hii si namba yangu."

"Ndiyo iliyo kwenye barua yao."

Akaichukua ile barua, akaitoa penseli, akaandika namba moja juu ya nyingine pembezoni mwa bahasha, akatoa. Ikabaki mia tisa.

"Mia tisa. Tisa mara mia moja," alisema, na sauti yake ikawa ya darasani. "Hii niliwafundisha batoto kila mwaka. Ukiona tofauti ya namba mbili inagawanyika kwa tisa, usitafute mbali. Uliza kama kuna mtu amegeuza tarakimu mbili. Hapa ni sifuri na moja." Akanitazama bila shaka yoyote. "Kuna mtu kule ofisini alikuwa amechoka. Amegeuza. Tutawaambia."

"Ndiyo," nilisema. "Tutawaambia."

Wiki mbili baadaye tulikwenda kwa wakili. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye mafaili mpaka sakafuni, na mimi nilikwenda kama mkalimani. Alitoa karatasi ya asili, akaiweka kando ya nakala ya barua yetu. Aliona mara moja. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Nani aliandika barua hii?"

Nilipaswa kumgeukia mwalimu na kumuuliza. Badala yake nilijibu mwenyewe kwamba alisaidiwa na mtu kanisani.

"Basi huyo mtu atafutwe," alisema wakili. "Akiandika maelezo, akaweka jina na anwani na sahihi, akakiri kwamba ni yeye aliyekosea namba, hii rufaa itakuwa rahisi. Bila hivyo itaonekana kama barua imetungwa baadaye. Mwambie hivyo, tafadhali. Ni jambo muhimu kuliko yote."

Mwalimu alikuwa ameniinamia, anasubiri. Alikuwa amevaa tai.

Nikafikiria jina langu na anwani yangu juu ya karatasi inayokwenda Croydon, kwenye jengo lilelile ambalo lilikuwa bado halijaamua kuhusu mimi. Nikafikiria nitaulizwa nilikuwa nafanya nini pale, kwa ruhusa ya nani.

"Anasemaje?" aliuliza mwalimu.

"Anasema namba zimechanganyika," nilimwambia. "Anasema itakuwa vigumu, lakini atajaribu."

"Mwambie asante."

Nikamwambia wakili kwamba mteja wake anashukuru.

Rufaa ilisikilizwa mwaka 2001, ikakataliwa. Hawakuamini kwamba barua ya kuhama ilitumwa kwa wakati wake. Wakili aliomba nafasi nyingine, na mambo yakaingia kwenye ule ukimya mrefu ambao watu wengi wa foleni yangu walikuwa wakiishi ndani yake. Mwalimu hakulalamika. Alipungua mwili. Siku hizo alikuwa ameanza kuniita binti yangu.

Nilijaribu kulipa kwa njia nyingine. Nilimpelekea viatu vya baridi. Nilimpeleka kliniki ya macho. Nilikuwa nimeanza kukaa Rayners Lane, si mbali na kwake, na siku moja ya mwaka 2002, nikiwa kwenye kompyuta ya maktaba, nilijaribu kutafuta ile namba, 2,750,159, ile niliyoitengeneza mimi kwa makosa. Nilikuta jedwali. Mtu alikuwa amezipanga namba tasa zote kwa foleni, kuanzia mbili, tatu, tano, saba, na kuzihesabu. Namba yetu ilikuwepo. Ilikuwa ya laki mbili kwenye foleni. Si kama laki mbili, bali laki mbili kamili: mbele yake zimesimama namba tasa 199,999, na yenyewe ndiyo inayotimiza.

Niliuchapisha ule ukurasa na kuupeleka Kenton mbiombio. Mwalimu aliusoma akiwa amesimama, kisha akaketi kitandani.

"Laki mbili kamili?"

"Kamili, mwalimu."

"Mungu wangu." Alipapasa ile karatasi. Alishuka ngazi nayo mpaka dukani, akamwonyesha mama mwenye nyumba, ambaye hakuelewa kitu lakini alimpigia makofi. "Huyu," mwalimu akamwambia, akinishika bega, "ni kama mtoto wangu wa kumzaa. Angalia anavyonikumbuka."

Nilikunywa chai yake siku ile. Ilikuwa na sukari nyingi sana, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

Na wiki ileile, jambo ambalo sikumwambia, barua yangu mwenyewe ilikuwa imefika. Nilikuwa nimekubaliwa kubaki. Ile hofu niliyokuwa nimejificha nyuma yake ilikuwa imeondolewa kwa sahihi ya mtu nisiyemjua. Nilidhani nitakwenda kusema kesho yake. Nikanyamaza miezi minane. Kwa miaka ile ya kwanza ninaweza kumweleza mtu kwa nini, akaelewa hata kama hakubali. Kwa miezi ile minane sina la kusema. Nilikuwa naona haya tu, na haya ilikuwa imekuwa kubwa kuliko hofu.

Aliyenisukuma ni mama mwenye nyumba. Nilikwenda kununua unga, mwanzoni mwa mwaka 2003, naye akanivuta nyuma ya kaunta.

"Mwalimu nalia," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nasikia juu. Mtoto yake nafika kumi na nane mwaka kesho. Watu nasema akifika kumi na nane, hapana kuja kama mtoto tena. Wewe najua hiyo?"

Nilikuwa najua. Nilipanda ngazi nikiwa bado nimeshika pakiti ya unga.

Mwalimu alikuwa mezani. Sikukaa. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyegeuza sifuri na moja, tangu kwenye kadi ya kwanza. Ofisi haikukosea. Barua ya kuhama ilikwenda na namba ya makosa yangu.

Aliweka penseli chini. "Kadi ya kwanza iko wapi?"

"Niliichana."

"Lini?"

"Siku ile niliyokuandikia ya pili. Chini ya meza."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayefuata hatua za mwanafunzi ubaoni. Nadhani hapo alikuwa bado anaweza kunisamehe. Kukosea namba alikuelewa; alikuwa amesahihisha madaftari ya maelfu ya watoto. Lakini ilibidi nimwambie na la wakili. Nikamweleza neno kwa neno yule wakili alivyosema, kisha nikamweleza nilichomtafsiria.

Mwalimu aliondoa miwani.

"Nilikuwa nimekaa hapo," alisema. "Pembeni yako. Nikakuuliza anasemaje."

"Ndiyo."

"Ukanipa maneno mengine."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mimi nikasema asante."

Akavaa tena miwani, akachukua kadi ile mpya kutoka mfukoni, akafungua ukurasa mtupu, na akaanza kugawa. Nilisimama nikimtazama. Saba ikabakiza. Kumi na moja ikabakiza, kumi na tatu pia. Alipofika kumi na saba, hakuna kilichobaki. Alipata 161,827, akaendelea nayo, na kwenye arobaini na moja ikakatika tena, ikabaki 3,947. Haikuchukua hata dakika kumi. Aliandika chini kwa mwandiko wake wa ubaoni: 17 × 41 × 3,947.

"Inagawanyika," alisema. "Namba yangu. Siku makumi mbili na sita nilikaa na namba ya mtu mwingine."

"Nisamehe, mwalimu."

"Usiniombe leo." Alichana ukurasa mtupu kutoka kwenye daftari, akanisogezea pamoja na kalamu. "Leo andika."

Niliandika, nikaweka jina, anwani na sahihi. Kesho yake nilimpelekea wakili, ambaye alinisoma usoni kwa muda mrefu kabla ya kuisoma karatasi. Alisema tu, "Ulikuwa wewe." Kesi ilifunguliwa upya, lakini foleni ilikuwa ndefu. Mahojiano yake yalifanyika, akaaminiwa, akapewa ruhusa ya kubaki mwaka 2004. Binti yake alikuwa ametimiza miaka kumi na nane miezi minne kabla.

Mke wake alifika peke yake mwaka uliofuata. Wanakwaya wa kanisa walikwenda kumpokea, nami nikakaa nyumbani. Lakini Jumapili ya pili alinitafuta kanisani, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akanikumbatia na kulia begani kwangu mbele ya watu.

"Niliambiwa uko wewe uliyeandika karatasi iliyomwokoa," alisema. "Mungu akubariki, dada yangu. Uje ule kwangu."

Mwalimu alikuwa nyuma yake. Alitazama sakafu. Nikaelewa kwamba hakumwambia zaidi ya hapo, na sijui kama alinisitiri kwa huruma au alitaka kuona nitafanya nini.

Nilikwenda. Walikuwa bado Kenton, lakini sasa na vyumba viwili. Katika kile kidogo kulikuwa na kitanda kimetandikwa, shuka la maua, blanketi limekunjwa miguuni. Mama huyo alikuwa amekitandika tangu wiki aliyofika. Alikuwa anapakua wali nilipomwambia, tumesimama jikoni wawili tu. Nilimwambia yote, pamoja na ile miezi minane.

Aliweka mwiko chini. "Ulikuwa unajua umri wake?"

"Nilijaza mimi tarehe yake."

"Kwa hiyo ulikuwa unahesabu."

"Ndiyo. Nilikuwa nahesabu."

Alipita karibu nami, akaingia kwenye kile chumba kidogo na kufunga mlango. Mwalimu alinisindikiza mpaka stesheni ya Kenton. Kwenye geti alinipa mkono na kusema, "Umesema mwenyewe. Ni vizuri," kisha akageuka. Hakuniita binti yangu tena baada ya siku ile. Huniita mama fulani, kwa adabu, kama anavyowaita wengine. Siku za Jumamosi sasa anawafundisha hesabu watoto wa kanisa, wanaomjibu kwa Kiingereza huku yeye akiwauliza kwa Kiswahili, na nasikia ni mkali.

Mwaka 2008 nilikwenda likizo Kigoma. Nilimtafuta yule binti. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameolewa, anashona nguo kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ambayo sikuyahitaji.

"Mama alinisimulia kwa simu," alisema kabla sijaketi. "Nilimwambia ukija siku moja nitakutambua."

"Nimekuja ili uniambie unachotaka kuniambia."

Alinitazama usoni, kisha mikono, kisha usoni tena. "Nilikuwa nimekuandalia mengi," alisema. "Sasa nakuona umechoka tu."

Akarudi kwenye cherehani yake. Nilikaa pale karibu saa nzima, na alinijibu kila nilichouliza, kwa ufupi, bila hasira na bila kunisaidia. Nilipoaga aliingia ndani na kutoka na mfuko wa dagaa, wamekaushwa vizuri, amewafunga kwa tabaka tatu za plastiki.

"Uwapelekee," alisema.

Niliwabeba mkononi hadi London, sikuwaweka kwenye mzigo wa chini. Siku ya pili baada ya kufika nilipanda treni kwenda Kenton. Mama yake ndiye aliyefungua mlango. Alipokea mfuko, akafungua tabaka la kwanza, la pili, la tatu, akainamisha uso ndani yake, akakaa hivyo kwa muda, tumesimama wote wawili pale mlangoni.

"Amenenepa?" aliuliza, uso ukiwa bado ndani ya mfuko.

"Kidogo," nilisema. "Ana mimba ya miezi mitano."

Akaniachia mlango wazi, akaenda jikoni.